Muulize Shangazi: Vihoteli vya Mitaa ya Kale

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mi napenda kulala kwenye vihoteli vya mitaa ya kale, zile nyumba za zamani zenye vyumba nane, kumi, sana sana kumi na tano, basi barua zimemiminika utadhani nimetangaza nafasi za kazi. Nimechagua chache. Nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa maneno mengine, kwa hiyo usipoiona barua yako usinune, soma tu, jibu lako limo humuhumu.

"Shikamoo shangazi. Nataka nimpeleke mama mapumziko ya siku nne, anatimiza miaka 70. Nimeona hoteli moja nzuri mno, nyumba ya zamani, ua katikati, mlango mkubwa wa mbao, picha zinavutia balaa. Ila mama magoti yanamsumbua. Nikawauliza kama wana lifti wakanijibu 'karibuni sana, tutawasaidia'. Nifanyeje?" – Mtoto wa Mwisho

Marahaba mwanangu. Hilo "tutawasaidia" ndo jibu lenyewe, maana yake lifti hamna. Na watakachosaidia ni kubeba mabegi, mama hawambebi.

Usiwalaumu sana lakini. Lifti ya kwanza ya kisasa ya kubebea abiria ilifungwa New York mwaka 1857, tena kwenye duka, na nyumba nyingi za mitaa hii zilishasimama muda mrefu kabla hiyo habari haijawafikia. Aliyejenga alijua watakaopanda ni wanawe na watu wake. Sa hivi ukitaka kuingiza lifti inabidi utoboe sakafu zote toka chini mpaka juu, ukate boriti, na hapo ndo unakutana na watu wa uhifadhi. Mji wa Charleston kule Marekani uliweka sheria ya kulinda mtaa wake wa kale mwaka 1931, baada ya hapo miji mingi duniani ikaweka za kwao, na hata huku kwetu Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Sehemu kama hizo mwenye hoteli hata awe na hela za kutosha haamki tu asubuhi akaita fundi na nyundo, kuna vibali, na vingine havitoki.

Sasa cha kufanya. Usiulize "mna lifti?" wala usiulize "mnafikika kirahisi?" maana kila mtu atakwambia ndiyo. Uliza hivi: toka gari linapoishia mpaka kitandani, mama atapanda vipandio vingapi? Waambie wahesabu. Ukiuliza hivyo utashangaa yanayoibuka, mara kuna vitatu vya mlangoni ambavyo hakuna aliyewahi kuvihesabu maana wamevizoea, mara bafu lina kizingiti cha kuruka, mara gari haliingii kabisa kwenye kichochoro mnashuka mbali mnakokota mabegi kwenye mawe. Uliza pia kama ngazi zina kitu cha kushikia. Na kama vipandio vyake vinalingana, hilo watu hawaliulizi kabisa, mguu ukishapanda viwili vitatu unakuwa umeshakariri urefu, kikija kimoja kilichozidi hata kidogo tu unajikwaa, na ngazi za zamani zimejaa vya namna hiyo.

Halafu omba chumba cha chini, kwa namba, wakuandikie kwenye meseji kwamba ni hicho. Chumba cha chini kina shida zake, kelele za njiani na unyevunyevu, ila kwa magoti ya mama hapo hamna mjadala.

"Shangazi, mi nimeumia. Tulibuku usiku mbili mimi na mume wangu, kihoteli kina sifa kibao, usiku wa kwanza wote tumesikiliza jirani wa juu anatembea. Anatembea! Kaenda chooni nimesikia, kavua viatu nimesikia, kaangusha simu nimeruka kitandani. Na ukuta wa pembeni tulisikia mpaka wanachogombania. Nimeomba nirudishiwe hela wamekataa. Je nina haki?" – Sijalala

Pole sana bibie. Na mlijua mwisho wa ugomvi ulikuwaje? Natania.

Ngoja nikueleze maana watu wengi hapa wanachanganyikiwa, wanasema "nyumba ya zamani ina kuta nene, sauti haipiti". Kweli kuta za nje ni nene, jiwe tupu, hizo hazipitishi kitu. Lakini ukuta wa kati yako na wale wagombanao mara nyingi sio ukuta wa zamani kabisa. Nyumba ilikuwa na kumbi kubwa, ilipogeuzwa hoteli ukumbi mmoja ukakatwa vyumba viwili kwa mbao au jipsamu bodi, ukapigwa rangi ileile, ukatundikwa picha, ukawa unafanana na wenzake. Ukuta mwepesi hauzuii maneno. Siku nyingine ukiingia chumbani gonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole kabla hujafungua begi, wa jiwe unakuwa bubu na kidole kinakuuma, wa bodi unalia kama debe. Kitanda kikiwa kimeegemea wa debe, rudi mapokezi sasa hivi, sio kesho.

Ya juu hiyo ni habari nyingine. Sauti ya mtu anayeongea inasafiri hewani, lakini hatua za miguu zinaigonga mbao yenyewe, mbao inaitikisa boriti, boriti inatikisa dari yako, yaani jirani yako alikuwa anapiga ngoma na wewe umelala ndani yake. Kinachosaidia ni zulia nene huko juu kwake, sio plagi za masikio zako wewe, ingawa plagi nazo beba. Na ile milio ya mbao, kwii, kwii, ni mbao zilizosinyaa miaka na miaka misumari ikalegea, mtu akikanyaga ubao unapanda na kushuka kwenye msumari wake. Mi nshalala chumba ambacho mbao moja tu mbele ya mlango wa bafu ndo ilikuwa inalia, usiku wa pili nikawa nairuka kwa hatua ndefu gizani kama mwizi, usiku wa tatu nikajisahau nikaikanyaga saa nane usiku na mtoto wa chumba cha chini akaanza kulia. Asubuhi tulipokutana na mama yake kwenye ngazi tulisalimiana huku kila mtu anaangalia pembeni.

Haki ya hela sasa. Kama kwenye tangazo lao waliandika chumba ni kimya, au uliomba chumba kimya wakakubali kwa maandishi, hapo una pa kushika. Kama hawakuahidi, sidhani. Ila kosa lako ninaloliona mimi ni kwamba ulikaa kimya mpaka unaondoka. Ungeshuka usiku uleule au asubuhi mapema ukasema, usiku wa pili wangeweza kukuhamisha, na kihoteli kidogo kikikataa kukuhamisha na vyumba vipo wazi, hiyo ndo lawama ya kuandika kwenye maoni ya wageni. Kingine, siku nyingine omba ghorofa ya juu kabisa. Utapanda, utahema, lakini juu yako ni paa tu.

Na hapa ndo niseme neno langu ambalo wahariri wamechoka kulisikia: kwenye nyumba hizi usibuku hoteli, buku chumba. Hoteli kubwa ya kisasa chumba 304 na 504 ni mapacha. Hapa hakuna mapacha, kuna mtu kalala peponi na mwenzake ukuta wa pili yupo motoni na wamelipa sawasawa. Ndo maana maoni ya wageni ya sehemu hizi yanagongana hivyo, mmoja anasema sijawahi kulala vizuri hivi maishani, mwingine anasema sirudi, na wote wanasema kweli.

"Anko au shangazi yeyote, chumba nilichokiona mtandaoni sio nilichopewa. Kwenye picha kipana, nilichopewa kitanda kimegusa ukuta huku na huku. Nimetapeliwa?" – Bwana Kitanda

Shangazi. Anko yuko ukurasa wa magari.

Inawezekana hujatapeliwa ila umefichwa kitu. Wanapiga picha chumba kizuri kuliko vyote, hicho ndo kinakaa mbele, vingine viko nyuma huko kwenye picha ya 23. Halafu lenzi ile ya kupanua inafanya hata kabati lionekane ukumbi. Kuhusu wembamba wenyewe una sababu, nyumba za zamani upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa mti uliobeba sakafu. Nyumba za mawe za pwani yetu wametumia boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyake ni virefu halafu vyembamba, fundi hakuwa bahili, mti ndo uliishia pale. Sehemu nyingine wamepata magogo marefu, vyumba vimetanuka.

Omba picha ya chumba chenyewe, simu tu inatosha, asimame mlangoni apige moja halafu asimame dirishani apige nyingine. Akikwambia "vyote vinafanana" ogopa, nyumba hizi havifanani. Na uliza dirisha linatazama wapi, maana vingine dirisha linafungukia koridoni au kwenye ukuta wa jirani, unafungua pazia unakutana na bomba la maji.

"Shangazi mambo. Waifai inashika mapokezi tu, chumbani hamna kitu, netiweki ya simu nayo mpaka niende dirishani. Na shawa inatoa maji kama chozi. Wanakula hela yetu bure hawa?" – Kijana wa Laptop

Poa mdogo wangu. Waifai ni huo ukuta mnene wa jiwe nilioueleza, unaozuia kelele za nje unazuia na intaneti yako. Kama kuna majina mawili ya waifai, moja limeandikwa 5G au 5 GHz, jaribu lile lingine, la 2.4 linapenya ukuta vizuri zaidi japo spidi yake ndogo. Kama una kikao cha kazi usijidanganye, kaa uani au mapokezi, na uwaulize kabla hujabuku kama wamefunga kifaa kila ghorofa.

Shawa ni hesabu tu. Kama nyumba inategemea tenki la juu ya paa bila pampu, kila mita 10 za kushuka ndo inakupa presha ya bari 1. We ulilala juu kabisa si ndiyo? Tenki liko mita mbili juu ya kichwa chako, unapata bari 0.2, chozi. Mwenzako wa chini anaoga raha mustarehe. Kwa hiyo pale nilipomwambia Sijalala aombe chumba cha juu, naye ajue anachokiacha. Na maji ya moto yakichelewa usizime ukakasirika, bomba limezunguka nyumba nzima, liache litiririke kidogo.

"Shangazi, kuna harufu. Safi pako safi, mashuka meupe, lakini kuna harufu ya kabati la bibi. Na ukutani chini kuna unga mweupe, nikifuta unarudi." – Pua Kali

Ule unga ni chumvi. Ukuta unanyonya maji toka ardhini, maji yanapanda na chumvi zake, yakifika usoni yanakauka chumvi inabaki. Hauna madhara kwako, ila begi usiliegemeze hapo. Kinachoniudhi mimi ni kwamba mara nyingi tatizo limetengenezwa na fundi wa juzijuzi, kuta za zamani zilipigwa chokaa na chokaa inaruhusu unyevu utoke, akaja mtu na simenti na rangi ya mafuta akaufungia ndani, sasa unyevu unatafuta pa kutokea, rangi inavimba kama malengelenge. Ukiona kuta zimepigwa chokaa tu hazina mng'aro usidhani wamebana matumizi, hao ndo wanaojua nyumba yao. Fungua madirisha mchana. Lakini ukiona ukungu mweusi kwenye dari na una pumu au mtoto mchanga, hama chumba, hapo usiwe mpole.

"Kuna majini?" – Muoga

Kuna mbao. Soma jibu la Sijalala.

"Habari shangazi. Chumba chetu kilikuwa poa mchana, tukasifia kuta nene eti AC ya asili, kufika saa mbili usiku joto kama tanuri. Imekuwaje?" – Wanandoa Wapya

Hongereni. Ukuta mnene unachelewa, ndo kazi yake, jua la mchana linauingia taratibu na unalitoa ndani baada ya masaa mengi. Bila shaka ukuta wenu ulitazama magharibi, ukala jua la jioni lote. Mngeomba chumba cha upande wa mashariki, au kinachotazama uani. Na madirisha, kama shida ni joto, fungeni mchana fungueni usiku, watu wanafanya kinyume chake halafu wanalaumu feni.

"Shangazi, mimi na mke wangu tumegombana. Tumefika kihoteli cha hivyo, ngazi moja tu ya mbao, mimi nikaanza kukagua milango ya kutokea na madirisha, yeye akasema naharibu safari kwa woga. Pia saa nne usiku mapokezi wamelala, tumebaki wenyewe na ufunguo wa geti. Ni kawaida hii?" – Baba Mkaguzi

Kaka yangu, upo sahihi na uendelee.

La geti ni kawaida. Vyumba kumi haviwezi kulipa mtu wa kukesha mapokezi, kwa hiyo wanakupa ufunguo wa nje na namba ya simu ya kupiga. Iulize mapema, na uipige mbele yao uone inaita wapi. Mi nishawahi kufika usiku sehemu moja, ndege ilichelewa, geti limefungwa, namba niliyopewa inaita ndani mle mle mapokezi, naisikia kabisa kwa masikio yangu inaita gizani nyuma ya mlango na hamna mtu. Nilikaa juu ya begi karibu saa nzima mpaka mgeni mwingine akarudi matembezini akanifungulia. Toka siku hiyo natuma meseji asubuhi ya safari, "nafika usiku, nani atanifungulia?", nataka jina la mtu.

La moto ndo kubwa zaidi, na hapa naomba utani ukae pembeni. Nyumba ya kale sakafu mbao, ngazi mbao, dari mbao kavu ya miaka mia na kitu, na ngazi ile moja iliyo wazi katikati ndo njia yenu ya kutoka na ndo bomba la moshi pia, moshi unapanda hapohapo mnapotaka kushukia. Hoteli nzuri inajua hilo, utakuta vitambua moshi darini, mitungi ya kuzimia moto yenye tarehe ya ukaguzi ambayo haijapita, milango mizito inayojifunga yenyewe kwenye ngazi, taa ya dharura, na njia ya pili ya kutokea hata kama ni ya nyuma kupitia paa la jirani. Ukikuta havipo, uliza. Wakikuangalia kama unaongea kichina, badilisha hoteli hata kama mlango wa mbele umechongwa maua yote ya dunia. Hili ndo jambo pekee ambalo kisingizio cha "ni nyumba ya urithi" mi sikikubali.

Angalia dirishani kama kuna nondo, na kama zinafunguka kwa ndani. Hesabu milango toka chumbani kwenu mpaka kwenye ngazi, kulia au kushoto, maana kwenye moshi huoni kitu, unapapasa ukuta huku umeinama chini. Soketi za zamani msizipandishie ekstenshen mbili na hita na chaja nne kwa pamoja. Na mishumaa ya mapenzi ile wanayowawekea kando ya kitanda, zima kabla ya kulala, mkeo atanisamehe.

Mwambie ukaguzi wote ni dakika tatu, fanya akiwa anaoga hata hatojua. Ila geti mkishalifunga kwa ndani usiku, ufunguo usiuweke kwenye droo wala mfukoni mwa suruali, utundike palepale kando ya mlango wa chumba, na yeye muoneshe ulipo.